Tunda la Melini Lisivuke Gati

Mama aendaye matembezini na watoto hutia kikapuni ndizi au matofaa, kwani njaa ya mtoto haingoji. Desturi hiyo ni njema. Lakini kwa abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Auckland, nchini New Zealand, yaweza kumletea hasara. Tunda moja tu lililochukuliwa mezani melini, likapitishwa bila kutajwa kwa maafisa, hutozwa faini ya dola 400 za nchi hiyo. Kusahau si udhuru. Tena wako mbwa waliofunzwa kunusa mikoba, nao hawabembelezwi.

Ukali huo una chanzo. Mwaka 2015 nzi wa matunda wa Queensland, Australia, alionekana mtaani Grey Lynn, mle mle Auckland. Nzi huyo hutaga mayai ndani ya tunda, na mabuu yake huliozesha toka ndani hali ganda lingali zuri machoni. Wakazi wakakatazwa kutoa matunda nje ya mipaka iliyowekwa, hata yale ya miti ya uani mwao wenyewe, mpaka amri ilipoondolewa Desemba mwaka huo.

Basi mtoto abebe nini? Biskuti au chokoleti ya kiwandani, pakiti yake haijafunguliwa, kwa kawaida hukubaliwa. Matunda mabichi, nyama na asali viachwe melini. Ukiwa na shaka, mwonyeshe afisa kabla ya kupita. Na lile tofaa lililosahauliwa mfukoni, litupe katika pipa lililowekwa kwa kazi hiyo.