Kumbukumbu Hufuata Tukio: Namna ya Kutafuta Vyeti na Mafaili ya Mahakama Jijini Dar es Salaam

Ndugu msomaji, katika ziara zetu kwenye sharika za katikati ya jiji, swali tunaloulizwa mara nyingi na wajane na walezi wa yatima si la chakula wala la sare za shule. Ni swali la karatasi. Cheti cha kifo cha baba kinatafutwa wapi? Faili la mirathi liko mahakama gani? Kwa sababu swali hili limekwamisha shughuli nyingi za miradi yetu, tumeona ni vema toleo hili lieleze jambo hili kwa utaratibu, ili kamati za sharika ziweze kuwaelekeza watu, nao wafadhili wetu waelewe kwa nini tunaomba fungu la nauli na ada za vyeti.

Tuanze na mfano. Mama mmoja anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mume wake alifariki katika hospitali iliyoko Wilaya ya Ilala, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Same. Baada ya msiba mama alirudi mjini, na benki ikamtaka alete cheti cha kifo pamoja na barua ya usimamizi wa mirathi. Yeye aliamini kwamba cheti hutolewa pale mtu alipozikwa. Alikwenda Same mara mbili kwa fedha za kukopa, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Wakati yeye akiwa njiani, shemeji yake alifungua mirathi jijini bila kumwambia, na katika orodha ya warithi watoto wawili wadogo hawakutajwa. Mama alipata habari kwa mpangaji wa nyumba yao ya Buguruni, aliyemuuliza, "Mama, kodi ya mwezi huu nimpe nani? Amekuja mtu anasema nyumba sasa iko chini yake."

Mama huyu hakuwa mzembe. Alikosa maelezo tu ambayo yangemchukua mtu robo saa kumpa.

Kanuni moja ya kukumbuka

Kumbukumbu hufuata tukio. Haifuati kabila, wala kijiji cha asili, wala mahali pa kaburi. Kizazi husajiliwa wilaya mtoto alipozaliwa. Kifo husajiliwa wilaya mtu alipofia. Mirathi katika mahakama ya mwanzo hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu wakati anafariki. Ndoa hutafutwa pale ilipofungwa, na ardhi pale ilipo.

Kwa Kariakoo kanuni hii ina uzito wa pekee, maana wengi wanaofanya biashara pale wana asili ya mikoani, na wapendwa wao husafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Popote walipozikwa, vifo hivyo ni vya kusajiliwa Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla gari la msiba halijaondoka, mtu mmoja wa familia akabidhiwe kazi ya kutunza kibali cha mazishi na karatasi za hospitali. Karatasi hizo ndizo zitakazozaa cheti.

Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo

Ofisi inayohusika ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, iliyoanzishwa mwaka 2006 kuchukua kazi za iliyokuwa Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Makao yake yapo katikati ya jiji, na kila wilaya ina msajili, ambaye kwa kawaida hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtu wa Kariakoo, Gerezani, Upanga au Buguruni ni mtu wa Ilala. Siku hizi maombi hufanyika pia kwa mtandao kupitia mfumo wa RITA, na kijana yeyote wa usharika anayejua kompyuta anaweza kumsaidia mzee kuyajaza.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi 3 na kifo ndani ya siku 30. Aliyechelewa bado anaweza kusajili, ila ada huongezeka na ushahidi hudaiwa zaidi. Kwa mtu aliyevuka miaka 10 bila kusajiliwa, maombi huchunguzwa kwa undani. Hapo ndipo vielelezo vya zamani huwa na thamani: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na cheti cha ubatizo. Usharika unaotunza vizuri daftari lake la ubatizo unaweza kumwokoa mtu ambaye hana kielelezo kingine chochote.

Wazee wasilaumiwe kwa kukosa vyeti. Sheria ya usajili ina mizizi yake katika amri ya wakoloni ya mwaka 1920, na kwa miongo mingi usajili wa lazima haukuwahusu Waafrika wote. Hata baada ya Uhuru ulienezwa wilaya kwa wilaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, ni kama 16 tu waliokuwa wamesajiliwa. Ndiyo maana mwaka 2013 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na wadau wengine, ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo katika vituo vya afya na ofisi za kata, na kuwapa cheti bila malipo. Mpango huo umeenea mikoa mingine. Mzazi mwenye mtoto mdogo asisubiri mpaka siku ya kuandikishwa shule.

Yafaa kukumbusha pia habari ya uhakiki. Vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa vyeti vyao vya kuzaliwa vihakikiwe na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Kijana anayeanza kutafuta cheti cha kifo cha baba yake wiki ya mwisho ya maombi, mara nyingi huukosa mkopo.

Tatizo kubwa tunalokutana nalo ni majina. Mtu ni Yohana kanisani, Mwaipopo shuleni, na Baba Neema mtaani. Cheti cha kifo kikiwa na jina moja na kitabu cha benki jina lingine, kazi husimama. Dawa yake ni hati ya kiapo ya majina iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, lakini nafuu zaidi ni kuandika majina yote kwa usahihi siku ya kwanza. Soma fomu kabla ya kutia sahihi.

Mafaili ya mahakama

Watu wengi huogopa mahakama wakidhani ni mahali pa washitakiwa. Hata hivyo, mashauri kwa kawaida husikilizwa hadharani, na mtu mwenye maslahi katika shauri anaweza kuomba kuona faili na kupewa nakala. Utaratibu ni huu.

Kwanza, jua ngazi ya mahakama. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mirathi ya Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila hupelekwa mahakama za juu zaidi, na jambo hili limewahi kubatilisha kazi ya miaka mingi ya familia. Uliza mapema.

Pili, jua mahali. Mafaili mengi ya zamani ya familia za katikati ya jiji yalifunguliwa Mahakama ya Mwanzo Kariakoo. Tangu mwaka 2021 kipo Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia mirathi, ndoa, talaka na matunzo ya watoto chini ya paa moja, kuanzia ngazi ya mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Usishangae ukiuliza shauri la mirathi mahali pengine ukaelekezwa Temeke.

Tatu, nenda masjala ukiwa na jina kamili la marehemu, tarehe ya kifo, jina la msimamizi kama unalijua, na namba ya shauri pamoja na mwaka wake kama unayo. Namba ndiyo ufunguo. Ukiwa huna, karani atalazimika kupekua rejista kwa jina na mwaka, na hapo uvumilivu unahitajika.

Nne, andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi. Eleza wewe ni nani kwa marehemu na unaomba nini: kuona faili, au kupewa nakala iliyothibitishwa. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili, kwa hiyo huhitaji mtu wa kukuandikia Kiingereza.

Tano, lipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, kupitia benki au simu, na udai stakabadhi. Asiwepo mtu wa kupokea fedha yako mkononi nje ya lango.

Ndani ya faili la mirathi tafuta vitu vinne: muhtasari wa kikao cha ukoo, orodha ya warithi, barua ya uteuzi ambayo katika mahakama ya mwanzo ni Fomu Na. IV, na orodha ya mali ambayo ni Fomu Na. V. Msimamizi anatakiwa kupeleka orodha hiyo mahakamani ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, na baadaye hesabu za mgawanyo katika Fomu Na. VI. Kama jina la mtoto halimo, au nyumba haimo, utaligundua hapo. Mwenye maslahi anaweza kuweka pingamizi, au kuomba uteuzi utenguliwe. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Mashauri ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hayako wazi kwa kila mtu, na ni haki iwe hivyo. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye mtandao wa TanzLII. Kwa ofisi nyingine za umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Kamati ya usharika ifanye nini?

1. Iteue mtu mmoja wa kufuatilia karatasi kwa kila msiba, tangu siku ya kwanza.
2. Itunze daftari za ubatizo na ndoa mahali pakavu penye kufungwa, na itoe vyeti kwa majina kama yalivyoandikwa, bila kuyarekebisha.
3. Iwahimize washarika kuandika wosia. RITA huandika na kuhifadhi wosia.
4. Iwe na orodha ya wasaidizi wa kisheria wa karibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na vyama kama TAWLA na WLAC vimewasaidia wanawake wengi jijini.
5. Isijifanye wakili. Kazi yetu ni kusindikiza.

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunaomba mtambue kwamba fungu dogo la nauli, nakala na ada katika bajeti zetu si matumizi ya ofisi. Bila cheti yatima hapati mkopo wa chuo, na bila barua ya usimamizi mjane hawezi kugusa akiba ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuiweka.

Na yule mama wa vitenge? Mzee mmoja wa kanisa alimsindikiza hadi ofisi ya wilaya, na cheti cha kifo kikapatikana Ilala, kilomita chache tu kutoka meza yake ya biashara. Kisha walikwenda masjala, wakapata namba ya shauri, wakasoma faili. Orodha ya mali ilikuwa bado haijawasilishwa. Mama aliweka pingamizi akiwa na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Uteuzi wa shemeji ulitenguliwa, naye akateuliwa. Shemeji na mama sasa wanasalimiana, ingawa hawakai meza moja. Watoto bado wanalala katika nyumba ya baba yao.

Siku tulipomtembelea alitoa bahasha ya kaki chini ya vitenge, akasema, "Hii siiachi nyumbani. Natembea nayo." Tulimshauri atoe nakala, na ile halisi aifungie sandukuni. Nasi tunakushauri vivyo hivyo, ndugu msomaji.