Wanyika: bendi iligawanyika, jina likabaki

Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, hauhitaji mkalimani kuelewa "Sina Makosa". Wimbo huo ni tunda la mgawanyiko. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Arusha, wakavuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Mwaka 1978 mpiga gitaa Omar Shabani aliondoka na wenzake. Wakaungana na John Ngereza, wakajiita Les Wanyika. Issa Juma naye akafungua Super Wanyika Stars. Waliachana, lakini jina hakuna aliyeliacha, na mfanyabiashara ataelewa kwa nini. George alifariki 1992, Wilson 1995, na Simba Wanyika ikanyamaza.