Informatiki: Kujifunza Bison bila kumaliza megabaiti

Kwa mwanafunzi wa informatiki wa Goma ao Bukavu, kila megabaiti ni franga. Mwenye kutaka kujifunza Bison, chombo kinachopokea kanuni za lugha na kutunga chenyewe programu ya kuisoma, asikimbilie video. Kitabu cha maelezo cha Bison ni cha bure. Ukikipakua mara moja, unakisoma hata pasipo mtandao. Ni Kiingereza, lakini si kigumu. Anzia kwenye mashine zake za hesabu: ya kwanza inaandika 3 4 +, nyingine 3 + 4 kama sokoni. Hapo utaona namna ya kuiambia mashine kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Kile cha Aho, Sethi na Ullman cha 1986, kilichotafsiriwa pia kwa Kifaransa, ni kizito, kingoje.