Ziwa Tanganyika Ndani ya Sanduku la Kioo

Wako watu huko Ulaya, Japani na Marekani ambao hawajapata kuiona Bujumbura, Kalemie, Kigoma wala Mpulungu, lakini wanawajua samaki wa Ziwa Tanganyika kwa majina, kwa rangi, na hata kwa miamba walikotolewa. Huwatunza sebuleni katika masanduku ya kioo na kuwaonyesha wageni wao kwa fahari. Sisi tuishio karibu na ziwa twamjua dagaa, mgebuka, kuhe na sangala, kwa kuwa hao hufika sokoni na jikoni. Wale wadogo wa mawe na mchanga hatuwatazami, maana hawajazi sufuria.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unaeleza namna ya kumtunza mmoja wa samaki hao wadogo. Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi kama wengi wanavyodhani. Inahitaji uvumilivu, na inahitaji kulijua ziwa.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Tanganyika limegawanywa na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Umri wake wakadiriwa na wataalamu kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Katika muda huo mrefu, ukoo wa samaki walio jamaa za perege na sato, ambao wataalamu huwaita siklidi, umezaa aina zipatazo 250, na karibu zote haziko mahali pengine popote duniani.

Samaki hawa hukaa katika maji ya juu tu, kwa sababu chini ya mita 100 hadi 200 hakuna hewa ya oksijeni ya kuwatosha. Makao yao ni ukanda mwembamba unaolizunguka ziwa: hapa miamba, pale mchanga, kwingine makombe matupu ya konokono. Kila sehemu ina wenyeji wake.

KWA NINI SI SAMAKI WA BAHARI?

Huenda msomaji amewahi kuona picha ya sanduku la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Hupendeza sana, lakini si jambo la kuanzia. Maji hayo hutakiwa kuwa na kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Maji yanapokauka kwa joto, chumvi haiondoki nayo, hivyo ukali wake huzidi siku hadi siku mpaka mtu aongeze maji yasiyo na chumvi. Matumbawe nayo hudai taa kali na chokaa ya kutosha majini.

Ziwa Tanganyika lampa mtu uzuri ulio karibu na huo, yaani mawe, mchanga, na samaki wenye rangi wanaolinda mipaka yao, bila taabu ya kupima chumvi kila siku.

MWENYE NYUMBA

Kwa mwanzo twamchagua samaki ambaye jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, maana yake mwenye mistari mingi. Anaishi mwambao wa kusini, upande wa Zambia na sehemu za Tanzania zilizo jirani. Dume halifiki sentimita 5, na jike ni kama sentimita 3 tu. Ni miongoni mwa siklidi wadogo kabisa duniani.

Nyumba yake ni kombe tupu la konokono wa ziwani aitwaye Neothauma. Konokono akifa, kombe lake hubaki chini ya maji, na mahali pengine makombe ya karne nyingi yamerundikana na kufunika eneo kubwa. Samaki huyu huingia ndani ya kombe anapotishwa, hulala humo, na jike hutaga mayai humo. Mchanga ulio mbele ya mlango huuchota kwa kinywa na kuutupa pembeni, mpaka kombe liwe katika shimo alilolichimba mwenyewe. Watoto wakikua hawafukuzwi upesi kama ilivyo kwa samaki wengi. Huruhusiwa kukaa katika kijiji cha wazazi, kila mmoja na kombe lake.

KULITENGENEZA SANDUKU

Sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 latosha. Fundi wa vioo akate kioo chenye unene wa milimita 6, kisha aunganishe vipande kwa gundi safi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki pia. Gundi iachwe ikauke juma zima, mpaka harufu yake ya siki iishe. Baada ya hapo sanduku lijazwe maji nje ya nyumba kwa siku mbili ili kuona kama linavuja.

Usidharau uzito. Maji, mchanga, mawe na kioo kwa jumla vitakaribia kilo 80, ambao ni uzito wa mtu mzima. Meza iwe imara na imelala sawasawa. Chini ya sanduku tandika bamba la povu jeupe, lile wanalofungashia redio na televisheni, ili chembe ndogo ya mchanga isije ikapasua kioo. Mahali pasipigwe na jua, kwa kuwa jua hupasha maji moto na kuotesha utando wa kijani.

Ukitaka kuweka mawe, yaweke kwanza juu ya kioo cha chini, halafu mwaga mchanga kuyazunguka. Mawe yaliyowekwa juu ya mchanga huanguka siku samaki atakapochimba chini yake. Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5, uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Juu ya mchanga tawanya makombe 20 hadi 30, yaliyochemshwa na kusuguliwa. Yaokotwe yale yaliyotupwa ufukweni na mawimbi. Yale yaliyo chini ya maji ni nyumba za watu wengine.

Kifaa cha lazima ni pampu ndogo ya hewa pamoja na chujio la sifongo. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yaweza kurudi kwa njia ya mpira na kuiharibu.

MAJI

Maji ya Tanganyika si kama maji ya mvua. Mto Ruzizi huingiza humo madini kutoka Ziwa Kivu, lililo katika nchi ya volkano. Katika kipimo cha uasidi, ambacho maji yasiyoegemea upande wowote husoma 7, maji ya Tanganyika hukaribia 9. Joto lake la juu huwa kati ya digrii 24 na 28.

Aishiye kando ya ziwa na atumie maji ya ziwa, yaliyotekwa mbali na bandari na mifereji ya mji. Aliye mbali, kwa mfano Kampala, ambako maji ni laini zaidi, achanganye mawe ya chokaa yaliyopondwa katika mchanga wake, na kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa kila lita 50, iyeyushwe kabla samaki hawajatiwa. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika ndoo wazi kwa saa 24. Katika miji ya baridi ya milimani itahitajika hita ndogo. Bujumbura au Kalemie haihitajiki.

JUMA SITA ZA KUSUBIRI

Hapa ndipo wengi hushindwa. Sanduku likishajazwa huonekana tayari, maji maangavu, makombe yamepangwa, na watoto wa nyumba wanauliza samaki wako wapi. Lakini maji mapya hayana uhai wa kutosha.

Samaki hutoa taka iitwayo amonia, ambayo ni sumu. Ziwani taka hiyo humezwa na ukubwa wa maji. Katika sanduku hubaki palepale, mpaka bakteria wa aina fulani waizoee. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru kama si nyingi. Bakteria hao hukaa katika sifongo, mchangani na juu ya mawe, na huchukua majuma manne hadi sita kuzaliana vya kutosha.

Washa pampu, na kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki, zioze na kuwalisha bakteria. Mwenye kuweza kununua dawa za kupimia na apime mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Jambo hili lina uzito zaidi kwa samaki wa Tanganyika, kwa kuwa katika maji yenye kipimo kikubwa amonia hugeuka kuwa kali zaidi. Kiasi ambacho samaki wa mtoni angekivumilia chaweza kumwua huyu kwa usiku mmoja.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Anza na samaki vijana watano au sita wa aina hii moja. Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi watakachomaliza kwa dakika mbili: chakula kikavu kilichosagwa, na mara kwa mara vibuu vya mbu. Anayefuga vibuu katika chombo avichote vyote kabla havijageuka mbu, asije akawaletea jirani zake homa.

Kila juma toa maji kiasi cha sehemu moja ya tano na kurudisha mapya yaliyoandaliwa kwa namna ileile. Sifongo ikichafuka ikamuliwe katika maji yale yaliyotolewa sandukuni, kamwe isioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini itawaua bakteria na kazi ya juma sita itapotea.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu, mara kwa mara, ili yapate hewa. Ndiyo sababu hatushauri samaki wengi: walio wachache huvumilia saa za giza.

Yote yakienda vema, siku moja utaona jike hatoki mbali na kombe lake. Baada ya siku kama kumi, vichwa vidogo vitachungulia mlangoni.

KILA MWAMBA NA WATU WAKE

Sasa twafika kwenye jambo ambalo halimo katika vipimo. Yuko samaki mwingine wa miamba, jina lake Tropheus, mla utando wa kijani juu ya mawe. Hapendi kuvuka mchanga mtupu. Kwa hiyo ghuba ya mchanga humzuia kama ukuta, na kwa maelfu ya miaka kila mwamba umepata rangi yake: hapa mwekundu, pale wa manjano, kwingine mweusi mwenye mkanda. Wa rasi mbili wakitiwa katika sanduku moja huzaana, na watoto wao si wa kule wala si wa huku. Rangi iliyochukua maelfu ya miaka hufutika kwa kizazi kimoja.

Biashara ya samaki hawa ilipata nguvu Burundi katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye mwaka 1989 alitoa kitabu kikubwa juu yao. Faida ya elimu ilikuwa kubwa. Lakini samaki aishiye kwenye mwamba mmoja tu aweza kumalizwa na wavuvi wachache wenye bidii. Basi asiyezalisha mwenyewe na anunue kwa mzalishaji, na anayetaka kuvua aombe kwanza kibali cha idara ya uvuvi.

Lililo kubwa zaidi: samaki akizidi sandukuni, asitupwe katika ziwa, mto wala bwawa lolote, hata kama ni Tanganyika yenyewe. Majirani zetu wa Ziwa Victoria wanakumbuka sangara aliyetiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi aina nyingi za samaki wadogo zilivyotoweka baada yake. Aliyezidi apewe jirani.

Ukanda wa miamba tayari una shida zake. Udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti hufunika mawe na kuwanyima samaki chakula na mahali pa kutagia, na maji ya ziwa yameongezeka joto. Mwaka 2003 nchi zote nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja. Mikataba ni kazi ya serikali; lakini mtoto aliyezoea kumtazama samaki wa sentimita 3 akiulinda mlango wake hatahitaji kufundishwa mara mbili kwa nini mwamba usifukiwe.

Basi tengeneza sanduku lako, jaza maji, kisha subiri juma sita. Samaki hawa wamelikalia ziwa kwa muda mrefu kuliko sisi, na hawatakosa subira ya kukungoja.