Je, Wajua? Kahawa ya Nyumbani, Kuanzia Kinu

Kwamba kahawa si lazima isagwe? Wahaya wa Kagera huchuma matunda ya robusta yangali mabichi, huyachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, huyaanika, kisha huyatafuna. Mgeni akiingia, hukaribishwa kwa hayo. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliitumia kahawa kwenye omukago, udugu wa kuchanjiana: tunda moja la kahawa lina punje mbili, na kila mmoja alikula ya kwake ikiwa na damu ya mwenzake.

Sisi wengine tunasaga. Na hapo ndipo kahawa inapoharibika, si kwenye birika.

Je, wajua ukishika kanuni moja tu inatosha? Unga laini, muda mfupi; chenga kubwa, muda mrefu. Maji ya moto huanza kunyonya uchachu, utamu hufuata, uchungu huja mwishoni. Unga laini hunyonywa upesi kwa kuwa maji huugusa pande nyingi, ndiyo maana espresso humalizika kwa sekunde 25 hadi 30. Kahawa ya kuchuja kwa karatasi hutaka unga wa wastani na dakika kama 3. Birika la kioo lenye chujio la kusukuma chini hutaka chenga na dakika 4. Ile ya kulowekwa kwenye maji baridi hutaka chenga kubwa na saa 12 au zaidi, kwa hiyo ilale kwenye friji. Kikombe kikiwa chachu, saga laini zaidi. Kikiwa kichungu mno, saga chenga kubwa zaidi. Watu hubadilisha aina ya kahawa mara tatu kabla ya kujaribu hilo.

Kwamba mashine ya bei nafuu yenye kisu kinachozunguka haisagi, bali hukatakata? Matokeo yake ni vumbi na vipande vikubwa ndani ya chombo kimoja. Vumbi hutoa uchungu na vipande hutoa uchachu, vyote kwenye kikombe kimoja. Mashine nzuri ina meno mawili yanayokaribiana, na punje haipiti mpaka itoshe kwenye ule upenyo. Asiye na hela ya mashine hiyo arudi kwenye kinu na mchi: twanga, chekecha, zilizobaki juu ya chekeche zirudi kinuni. Kwa maoni ya safu hii, bibi mwenye chekeche humshinda mjukuu mwenye kisu cha umeme.

Na ukitumia mashine, nyunyizia punje matone machache ya maji kabla ya kusaga. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba unyevu huo hupunguza umeme tuli unaofanya unga ugande kwenye kuta za mashine na kufanya mabonge.

Peugeot walitengeneza visagio vya kahawa kuanzia 1840, miaka mingi kabla ya kutengeneza gari. Ndio hao hao ambao 404 yao iliwaacha wenzake kwenye matope ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania akiwa kwenye usukani.

Je, wajua Nairobi ina bahati ya maji? Kahawa hupendelea maji ya nyuzi 90 hadi 96 za selsiasi. Kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, kwa hiyo birika la hapo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtu anaweza kumimina papo hapo bila kufikiri. Mbeya ni karibu sawa. Aliye Mombasa, Dar es Salaam au Unguja maji yake yanafika 100. Aepue birika, asubiri kama nusu dakika hadi dakika moja, kisha amimine. Ajabu ni kwamba wengi wa pwani humwaga maji yakiwa bado yanatokota, halafu lawama huenda kwa muuzaji wa buni.

Kwamba unga ukifura unapoguswa na maji ya moto, kahawa yako ni mpya? Povu lile ni kaboni dayoksaidi iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga. Mimina maji kidogo kwanza, ngoja nusu dakika hewa itoke, ndipo umimine mengine. Unga uliolala kama udongo umekaa dukani muda mrefu, hata paketi iwe imeandikwa nini.

Karatasi ya kuchujia ilitoka kwenye daftari la mtoto wa shule. Mwaka 1908 mjini Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alichoka na mashapo, akatoboa kopo la shaba kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe. Mwaka huo huo akapata hataza. Karatasi hiyo hufanya kazi nyingine ambayo yeye hakuijua: hunasa mafuta ya kahawa yanayoitwa kafestoli, ambayo hupandisha kolesteroli mwilini. Kahawa ya kuchemsha bila karatasi hubaki nayo, hata mashapo yakishatuama. Aliyeonywa na daktari anajua achague ipi.

Birika la alumini la Moka, lile la pembe nane, lilianza Italia mwaka 1933 kwa Alfonso Bialetti. Mwanawe Renato, aliyelieneza, alifariki 2016 na majivu yake yakazikwa ndani ya birika la aina hiyo hiyo. Usishindilie unga ndani yake, na usisubiri lianze kukoroma kwa nguvu. Zima jiko mapema.

Kwamba kahawa ya Kituruki husagwa laini kuliko zote, laini hata kuliko ya espresso, na haichujwi kamwe? Sukari hutiwa kabla ya moto, povu likipanda huepuliwa, kisha mashapo huachiwa yashuke yenyewe. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Miaka miwili baadaye ikafuata kahawa ya Kiarabu, kwa ombi la Oman na majirani zake. Hiyo haina sukari, na tende hufanya kazi ya kutuliza ulimi, sawa na kashata mbele ya dele la kahawa chungu Forodhani, Unguja. Nyumbani, tangawizi kavu na iliki zitwangwe pamoja na buni. Zikitiwa juu baadaye huelea tu.

Waethiopia huchemsha unga ule ule mara tatu. Raundi ya kwanza ni abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Kila raundi ni nyepesi kuliko iliyotangulia, na anayeondoka baada ya abol ana adabu ndogo.

Espresso moja ina kafeini pungufu kuliko kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja. Robusta ina karibu maradufu ya arabika. Kwa hiyo kinachokukesha ni aina ya buni na ukubwa wa kikombe, si rangi nyeusi.

Kipimo? Gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji, halafu ongeza au punguza upendavyo. Asiye na mizani aige Beethoven: Anton Schindler, katibu wake aliyeandika wasifu wake, alisimulia kuwa mtunzi huyo alipima punje 60 kwa kikombe, na alizihesabu kwa makini zaidi alipokuwa na wageni.