"Azimio" Si la Skrini: Maelezo Kuhusu Istilahi Chache za Kompyuta

Wafasiri wa maelekezo ya kompyuta hukutana mara nyingi na neno la Kiingereza "resolution". Kwa kuwa katika shughuli za mikutano neno hilo hufasiriwa "azimio", hutokea mtu akaandika "rejesha azimio la skrini". Mwalimu au karani asomaye maneno hayo atakumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, wala hatajua afanye nini. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lenyewe kwanza, kisha istilahi zake. Kwani asiyekifahamu kitu hawezi kukipa jina linalokifaa.

Picha ya skrini huundwa kwa nukta ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu. Skrini yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina jumla ya nukta 2,073,600. Katika mfumo wa Linux, baadhi ya programu, hasa michezo ya zamani, huagiza nukta hizo zipunguzwe hadi 640 kwa 480, yaani 307,200 tu. Programu ikifungwa kwa utaratibu, huagiza pia hali ya awali irejeshwe. Ikikoma ghafla, agizo hilo la mwisho huenda lisitolewe. Hapo maandishi hubaki makubwa mno, madirisha huvuka ukingo, na mtumiaji hudhani skrini imeharibika, kumbe ni nzima.

Dawa yake si ngumu. Katika mfumo wa maonyesho uitwao X, hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa xrandr. Katika orodha itakayotokea, alama ya nyota huonyesha hali inayotumika sasa, na alama ya kujumlisha huonyesha ile inayoifaa skrini zaidi. Kisha huandikwa xrandr --output, jina la tundu la skrini kama lilivyo katika orodha, na mwishoni --auto. Katika mfumo mpya wa Wayland programu za kawaida haziruhusiwi kubadili hali ya skrini, kwa hiyo tatizo hili ni la X hasa.

Sasa tuziangalie istilahi. Kwa "resolution" ya skrini tunapendekeza "wingi wa nukta", kwa sababu maneno hayo hujieleza yenyewe.

Programu inayokoma ghafla wengine husema "imeanguka". Lakini kianguka­cho kwetu ni kile kilichotoka mezani. Wakazi wa Jangwani na Kariakoo husema umeme "umekatika", na simu isiyoitikia "imeganda". Tuifuate tofauti hiyo: programu iliyoganda ingalipo ila haiitikii, iliyokatika haipo tena.

Vilevile tutenge "kioo" na "skrini". Kwa mafundi wa simu, kioo ni kifaa kinachonunuliwa na kubadilishwa. Anayelalamikia kioo ilhali kilichopungua ni nukta, aweza kulipia kifaa asichokihitaji.

"Skrini" ni neno la mkopo, wala hatuoni haya kulitumia. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna auonaye ugeni wake. Tunawaomba wasomaji wayapime mapendekezo haya kazini na kutuletea maoni yao.