Je, Wajua? Misimu ya Unguja Ndani ya Kikombe

Je, wajua kwamba Unguja joto la Februari na la Julai hupishana kwa digrii chache tu? Mwaka wa kisiwani hugawanywa na upepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na jua lake ni kali. Masika huingia Machi na kunyesha hadi Mei. Kusi likishashika nguvu, huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, kisha vuli na mvua zake ndogo za Oktoba hadi Disemba. Anayetaka kujua tumo katika msimu gani, na anuse kinachochemka jikoni.

Pita Forodhani jioni utaona. Ufuo ule ulikuwa wa forodha, mizigo ilikokaguliwa na kutozwa ushuru. Miaka ya 1930 ukafanywa bustani kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, na baada ya matengenezo makubwa bustani ilifunguliwa upya mwaka 2009. Wakati wa kaskazi, foleni ni ya juisi ya miwa. Mtazame muuzaji: muwa ukishapita mashineni mara ya kwanza, huukunja, akapachika kipande cha tangawizi na ndimu katikati, akaurudisha ubanwe tena. Kipupwe kikiingia, tangawizi ileile huhamia kwenye birika la chai.

Je, wajua kwamba majani ya chai yenyewe si ya Unguja? Mchai hupenda milima yenye ubaridi na mvua nyingi, kama Usambara, Mufindi na Rungwe. Cha kwetu ni kile tunachokitia ndani yake: mchaichai, iliki, mdalasini, karafuu. Mchaichai hauna udugu wowote na mchai. Huo ni nyasi, wa ukoo mmoja na muwa na mahindi, na hauna kafeini. Ndiyo maana hata mtoto hupewa kikombe usiku na akalala vizuri.

Mdalasini nao una maajabu yake. Gome lina harufu tuijuayo sote, lakini ukisugua jani lake utanusa karafuu, na ukikwangua mzizi utapata harufu ya kafuri, ile ya dawa ya mafua. Mti mmoja, harufu tatu. Wenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi hupenda kumpa mgeni mzizi kwanza, wamwache akisie.

Je, wajua kwamba karafuu ni ua ambalo halikuachwa lichanue? Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kitumba huchumwa kikiwa kimeanza kugeuka kutoka kijani kuwa chekundu. Kikichanua, thamani imekwisha. Kisha huja kazi ya kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, na kuanika majamvini. Hapo ndipo mtu anapolijua jua. Likiwaka vizuri, siku chache zinatosha na karafuu hukauka kwa rangi ya kahawia iliyoiva. Wingu likitanda, kila mtu hukimbilia majamvi, kwa sababu karafuu iliyolowa huvunda na kupoteza mafuta yake. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Na kama unajiuliza kwa nini siku hizi karafuu nyingi ni za Pemba, sababu mojawapo kubwa ni kimbunga cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja na kuisaza ya Pemba. Vimbunga ni nadra sana huku kwetu, lakini kile kimoja kilitosha kubadilisha ramani ya zao zima.

Wengi hudhani kupanda mimea ya kunukia kunahitaji shamba. Hapana. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, lakini zina ua wa ndani, zina dari na vibaraza, na ndoo iliyotobolewa chini ni shamba tosha. Mrehani hutaka jua na mkono wa kuukata: kila ukitaka kutoa maua, yakate, nao utatoa majani zaidi. Utaona pia kwamba majani ya masika ni makubwa na laini lakini harufu yake ni nyepesi. Ya kiangazi ni madogo na yananukia mpaka vidoleni. Kivumbasi kiweke karibu na mlango, mbu hawakipendi. Tangawizi ipandwe masika yakikaribia. Baada ya miezi minane au zaidi majani yake hugeuka manjano, nawe ujue ni wakati wa kuchimba.

Asumini je? Huchanua jioni, ndiyo maana vitumba vyake huchumwa alasiri, vikaungwa na mrehani kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia. Ua hilohilo ndilo linalotumika Fuzhou, China, kunukishia chai: vitumba huchanganywa na majani makavu usiku, vikachanua humo na kuyaachia harufu. Mwenye asumini uani anaweza kujaribu nyumbani, kwa mkebe wenye kifuniko na majani ya chai ya kawaida.

Kama huna chochote, anza na mchaichai. Omba shina moja lenye mizizi kwa jirani, hakuna atakayekunyima, ulipande kabla ya masika na uliache mvua ilinyweshe. Kipupwe kikifika utakuwa na majani yako mwenyewe ya kutia birikani.